Uzi: Ukubwa wa tetemeko peke yake hauelezi kwa nini majengo ya jijini huanguka

Msingi_Thabiti (mleta mada)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kila tetemeko kubwa la ardhi linapotokea mazungumzo huanzia na kuishia kwenye tarakimu moja, yaani ukubwa wake, kana kwamba hiyo inatosha kueleza kwa nini mtaa mmoja umegeuka kifusi na mtaa wa pili yake umesimama.

Mwaka 2010 ulitupa mfano ulio wazi kabisa. Januari 12 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti, kitovu chake kikiwa takriban kilomita 25 magharibi ya Port-au-Prince. Wiki sita na ushei baadaye, Februari 27, Chile ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 8.8, ambalo lilitoa nishati inayokaribia mara 500 ya lile la Haiti. Chile walikufa watu wapatao 500, na baadhi yao walichukuliwa na tsunami. Haiti makadirio ya vifo hutofautiana sana, lakini hata ya chini kabisa ni makumi ya maelfu, na ya serikali yao yalizidi 300,000.

Hoja yangu ni kwamba maafa ya jijini huamuliwa na mambo mawili ambayo hayaonekani kwa macho: udongo ulio chini ya jengo, na kile kilichofunikwa ndani ya zege siku lilipomwagwa. Nitaanza na udongo, kwa kuwa ndio unaosahaulika zaidi.

Majiji mengi makubwa hayakujengwa juu ya miamba. Yalikua kandokando ya mito, kwenye maghuba, kwenye mabonde yenye maji na ardhi tambarare, na yalipojaa yakaendelea kujenga juu ya ardhi iliyofukiwa kwa kifusi. Maeneo hayo yana tabaka nene za matope, mchanga na mfinyanzi. Wimbi la tetemeko linapotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye tabaka laini hupunguza mwendo, na kwa kuwa nishati yake haijatoweka, mtikiso wenyewe huongezeka. Zaidi ya hayo, bonde lililozungukwa na miamba huyanasa mawimbi ndani yake, yakawa yanagonga ukingo huu na kurudi ukingo ule, hivyo ardhi hutikisika kwa muda mrefu kuliko ilivyotikisika pale tetemeko lilipoanzia.

Mexico City ndiyo shule ya jambo hili. Sehemu kubwa ya jiji hilo imekaa juu ya ziwa la kale, Texcoco, lililokaushwa na kuacha mfinyanzi uliojaa maji. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini. Kwenye sehemu ya mwamba, ndani ya jiji hilo hilo, vipimo vilionyesha mtikiso wa wastani. Kwenye eneo la ziwa kasi ya mtikiso ilipanda hadi kufikia takriban mara 5 ya ile ya mwamba. Mamia ya majengo yaliporomoka na maelfu ya watu wakafa, ilhali miji mingine iliyokuwa karibu zaidi na kitovu iliumia kwa kiasi kidogo kuliko hapo.

---

Jiografia_Hai

Ahsante kwa mada nzuri, Mkuu. Nina swali. Nilisoma kwamba katika tetemeko hilo la 1985 nyumba za ghorofa moja na mbili, zikiwemo za zamani sana, nyingi zilibaki, huku majengo ya zege yaliyoonekana ya kisasa yakianguka. Kama udongo ndio uliokuza mtikiso, kwa nini haukuangusha vyote?

---

Msingi_Thabiti (mleta mada)

Ndugu Jiografia_Hai, swali lako ndilo kiini cha sehemu ya pili ya mada.

Kila jengo lina mwendo wake wa asili wa kuyumba, yaani muda linaotumia kukamilisha yumbo moja. Ukilisukuma kisha ukaliachia, litakwenda na kurudi kwa muda maalumu, na wahandisi wana kipimo cha haraka kinachosema kwamba kila ghorofa huchangia takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nyumba ya ghorofa mbili hukamilisha yumbo lake kwa muda ulio chini ya robo ya sekunde, jengo la ghorofa kumi huchukua karibu sekunde moja, na jengo la ghorofa arobaini huchukua sekunde nne au zaidi. Udongo nao una mwendo wake, unaotokana na unene na ulaini wa tabaka. Miendo hiyo miwili ikioana, kila mtikiso wa ardhi hulikuta jengo liko tayari kuelekea upande huo huo, na yumbo linazidi kukua, kama mtoto aliye kwenye bembea anayesukumwa kila mara kwa wakati wake.

Mfinyanzi wa Mexico City ulitikisika kwa mwendo wa takriban sekunde mbili. Majengo yaliyoumia zaidi yalikuwa ya ghorofa 6 hadi 15. Utauliza mbona jengo la ghorofa kumi lina mwendo wa sekunde moja na si mbili. Jibu lake ni la kusikitisha: msingi uliokaa kwenye udongo laini hurefusha yumbo la jengo, na zege likianza kupasuka jengo hulegea na yumbo lake hurefuka zaidi. Kwa hiyo kadiri jengo lilivyozidi kujeruhiwa, ndivyo lilivyozidi kuusogelea mwendo wa udongo uliokuwa ukiliumiza. Mtikiso ulidumu muda wa kutosha kulifikisha huko.

Sasa linganisha na tarehe 19 Septemba 2017, siku ileile, miaka 32 baadaye. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 7.1, dogo kuliko la 1985, lakini kitovu chake kilikuwa takriban kilomita 120 tu kutoka jijini. Mawimbi yalikuwa ya mwendo mfupi zaidi, na safari hii majengo ya urefu wa chini zaidi, hasa yaliyokuwa karibu na ukingo wa ziwa la kale, ndiyo yaliyoangamia. Jiji ni lile lile na udongo ni ule ule, lakini tetemeko lilichagua majengo mengine. Ndiyo maana jengo lililosalimika katika tetemeko moja halina cheti cha kusalimika katika jingine.

---

Mtaa_wa_Juu

Mimi ninaishi katika jengo refu na mada hii imenigusa. Machi 28, 2025 tuliona Bangkok jengo la zaidi ya ghorofa 30 likiporomoka kwa tetemeko lililotokea Myanmar, umbali wa takriban kilomita 1,000. Je, inamaanisha majengo marefu ndiyo ya hatari zaidi, na umbali hausaidii kitu?

---

Msingi_Thabiti (mleta mada)

Umbali husaidia sana, Ndugu Mtaa_wa_Juu, ila hausaidii kila jengo kwa kiwango kimoja. Mawimbi ya mwendo mfupi, yale yanayotetemesha kwa kasi, hufifia mapema yanapopita ardhini. Yale ya mwendo mrefu husafiri mbali sana yakiwa bado na nguvu. Bangkok nayo imekaa juu ya mfinyanzi laini wa bonde la mto Chao Phraya, kwa hiyo mawimbi marefu yaliyofika yalikuzwa, na yakawakuta wenye mwendo unaofanana nayo, ambao ni majengo marefu. Jambo kama hilo lilitokea Japani mwaka 2011: tetemeko la ukubwa wa 9.0 au 9.1 lilitokea kaskazini-mashariki ya nchi, na jengo la ghorofa 55 huko Osaka, zaidi ya kilomita 700 kutoka kitovu, liliyumba kwa dakika kadhaa.

Hata hivyo, angalia kilichoanguka Bangkok. Jiji lina mamia ya majengo marefu, yote yaliyumba, na lililoporomoka lilikuwa moja lililokuwa bado linajengwa, ambalo uchunguzi wake uligeukia usanifu na ubora wa kazi. Mexico City kuna mnara uitwao Torre Latinoamericana, wa ghorofa 44, uliokamilika mwaka 1956. Uko katikati ya eneo la ziwa, na umepita salama matetemeko ya 1957, 1985 na 2017, kwa sababu waliousanifu waliupima udongo, wakaufikisha msingi wake kwenye tabaka ngumu, na wakaupa fremu ya chuma inayoweza kuyumba bila kukatika. Kwa maoni yangu, jengo linalopaswa kututia hofu zaidi ni lile la ghorofa nne hadi kumi na mbili. Jengo refu mno huwa na wahandisi wengi na macho mengi juu yake; la urefu wa kati hujengwa kwa haraka, kwa bajeti ya kubana, na mara nyingi mtu aliyeidhinisha michoro hafiki kwenye eneo la ujenzi.

---

Fundi_Zege

Salaam kwenu nyote. Nimefanya kazi ya zege miaka mingi, na nina la kuongeza kabla mleta mada hajaingia kwenye majengo. Udongo haukuzi mtikiso tu, wakati mwingine huacha kabisa kuwa udongo. Mchanga uliolegea na kujaa maji ukitikiswa, chembe zake hutaka kushikana zaidi, maji yaliyo katikati yake hukosa pa kwenda, shinikizo lake hupanda, na chembe huachana. Kwa dakika chache ardhi hiyo hubeba mzigo kama kimiminika. Mwaka 1964 huko Niigata, Japani, majengo ya ghorofa ya makazi yalilala chali bila kuvunjika. Kuta, sakafu na madirisha vilibaki vizima, ila jengo zima liliinama kwa sababu lililokuwa likilibeba lilikuwa limeondoka. Mwaka 1989 mtaa wa Marina huko San Francisco, uliojengwa juu ya ardhi iliyofukiwa, uliumia vibaya ingawa kitovu kilikuwa karibu kilomita 100 kutoka hapo. Kwa hiyo jengo zuri juu ya ardhi mbaya bado ni jengo baya.

---

Msingi_Thabiti (mleta mada)

Nakushukuru sana Fundi, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza. Sasa niingie kwenye majengo yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kwa urefu.

Jengo la kawaida limeundwa kubeba uzito unaoshuka chini, na kazi hiyo hulifanya kila siku. Tetemeko huisogeza ardhi kwa upande. Msingi hufuata ardhi, lakini sehemu ya juu, kwa uzito wake, hutaka kubaki ilipokuwa, na tofauti hiyo hugeuka nguvu ya mlalo inayokata nguzo na kuta. Nguvu hiyo hukua kwa kadiri ya uzito. Ndiyo maana sakafu nene za zege na kuta nzito za matofali zisizo na nondo ni mzigo mara mbili: huongeza nguvu inayolishambulia jengo, na zenyewe hazina uwezo wa kuipinga. Kobe mwaka 1995 nyumba nyingi za mbao za zamani zilianguka kwa sababu paa zake zilikuwa za vigae vizito na kuta zake zilikuwa dhaifu.

Zege huhimili sana kukandamizwa lakini hukatika upesi likivutwa. Nondo ndizo zinazobeba mvuto. Lakini kuwa na nondo nene hakutoshi, na hapa ndipo majengo mengi yaliyoanguka yalipokosewa. Nguzo ikipindishwa huku na huko, zege la nje hubanduka, kisha nondo za wima, zikikosa kushikwa, hupinda kuelekea nje, na zege la ndani husagika. Kinachozuia hali hiyo ni zile ringi ndogo zinazozizunguka nondo za wima. Zinapaswa kukaribiana sana, hasa juu na chini ya nguzo, na ncha zake zinapaswa kukunjwa kwa pembe ya nyuzi 135 ili ziingie ndani ya kiini cha zege. Ncha ikikunjwa nyuzi 90 tu, zege la nje likibanduka nayo hufunguka, na ringi inakuwa kana kwamba haikuwepo. Tofauti ya gharama kati ya mikunjo hiyo miwili ni ndogo mno. Jambo hili hunichoma moyo, kwa sababu baada ya zege kumwagwa hakuna mnunuzi, mpangaji wala jirani anayeweza kuliona.

Jambo la pili ni mpangilio. Jengo linatakiwa kusanifiwa hivi kwamba mihimili ilegee kabla ya nguzo. Mhimili ukijeruhiwa, sakafu hushuka kidogo na watu hutoka. Nguzo ikivunjika, sakafu yote iliyo juu hushuka kwa uzito wake juu ya ile ya chini, nayo juu ya nyingine, hadi jengo zima linakuwa rundo la sakafu zisizoacha nafasi ya mtu kupumua.

Jambo la tatu, ambalo ni la jijini hasa, ni ghorofa ya chini iliyoachwa wazi. Thamani ya ardhi jijini humfanya mwenye jengo atake maduka au maegesho ya magari chini na makazi juu. Juu kuna kuta nyingi zinazolikaza jengo, chini kuna nguzo na vioo tu. Yumbo lote hukusanyika kwenye ghorofa hiyo moja dhaifu. Katika tetemeko la Northridge, karibu na Los Angeles, mwaka 1994, watu 16 walikufa katika jengo moja la makazi la namna hiyo. Uturuki nako, baada ya matetemeko ya Februari 6, 2023, tuhuma za nguzo zilizokatwa ili kupanua maduka ya chini zilifika mahakamani.

---

Jiografia_Hai

Mkuu, naona tuwe waadilifu katika hili la Uturuki. Yalikuwa matetemeko mawili, la 7.8 na la 7.5, yaliyopishana kwa takriban saa tisa. Vipimo vya Antakya na maeneo jirani vilionyesha mtikiso uliozidi kile ambacho kanuni za ujenzi zilikadiria. Vilevile, ule mfano wako wa Haiti na Chile una kasoro: la Haiti lilikuwa karibu na jiji na halikuwa na kina kirefu, la Chile lilikuwa chini ya bahari. Pengine tunawalaumu wajenzi kwa kosa ambalo ni la asili.

---

Msingi_Thabiti (mleta mada)

Pingamizi lako ni la haki, Ndugu Jiografia_Hai, na linastahili jibu kamili.

Kuhusu umbali na kina, uko sahihi, na Christchurch huko New Zealand ndiyo ushahidi bora zaidi. Septemba 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.1 lilitokea takriban kilomita 40 kutoka jijini na hakuna aliyefukiwa na jengo. Februari 22, 2011 likaja la ukubwa wa 6.2, chini kabisa ya viunga vya jiji na kwa kina kifupi, na watu 185 wakafa. Lakini tazama walikofia: 115 kati yao walikuwa katika jengo moja la ghorofa sita, lililojengwa miaka ya 1980. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba usanifu wake ulikuwa na kasoro na kwamba halikupaswa kupewa kibali cha ujenzi. Majengo mengine mengi ya umri huo, katikati ya jiji hilo hilo, yaliharibika kiasi cha kubomolewa baadaye, ila watu walitoka wakiwa hai.

Hapo ndipo linapotoka jibu la Uturuki. Kanuni za ujenzi hazimwahidi mtu kwamba jengo halitapasuka. Zinaahidi kwamba katika tetemeko kubwa jengo litaharibika bila kuporomoka, na jengo lililofuata kanuni hizo kwa uaminifu huwa na akiba ya uwezo inayozidi nguvu iliyokadiriwa. Uturuki ilikuwa na kanuni nzuri kwenye karatasi, zilizorekebishwa baada ya tetemeko la Izmit la mwaka 1999 lililoua zaidi ya watu 17,000. Pamoja na hayo, mwaka 2018 serikali ilitoa msamaha uliowawezesha wenye majengo yasiyo na vibali au yaliyokiuka vibali kuyahalalisha kwa kulipa ada. Jengo halikuongezewa hata ringi moja, lilipewa karatasi. Ukubwa wa mtikiso unaeleza kwa nini majengo mengi yaliharibika, lakini hauelezi kwa nini majengo mawili yaliyo karibu, ya urefu unaolingana, moja lilisimama na nyufa na jingine likawa rundo.

Chile, kwa upande wake, sheria humfanya mwenye mradi anayeuza jengo kwa mara ya kwanza awajibike kwa kasoro za muundo kwa miaka 10, na desturi yao ya usanifu hupendelea kuta nyingi za zege lenye nondo. Jengo jipya la ghorofa 15 lilipoanguka Concepción mwaka 2010 na kuua watu wanane, waliohusika na ujenzi wake walifikishwa mahakamani. Kesi hiyo ilivuta macho ya nchi nzima kwa sababu kuanguka kwa jengo jipya kulikuwa jambo la nadra kwao.

---

Mtaa_wa_Juu

Nimeelewa. Sasa wapo mamilioni wanaoishi katika majengo ambayo tayari yana kasoro hizi, na hayawezi kubomolewa yote. Nini kinawezekana?

---

Fundi_Zege

Kwa upande wa kazi, mengi yanawezekana. Nguzo dhaifu huweza kuvishwa koti jipya la zege na nondo au kuzungushiwa bamba za chuma. Ghorofa ya chini iliyo wazi huongezewa kuta za zege au fremu za chuma zenye mihimili ya mshazari. Majengo mawili yaliyosongamana yanahitaji nafasi kati yake; Mexico City mwaka 1985 mengi yaligongana, sakafu ya moja ikipiga katikati ya nguzo za jingine.

Kwa hospitali kuna njia bora zaidi, ya kuliweka jengo juu ya vitegemeo vya raba na chuma vyenye kiini cha madini ya risasi, ambavyo vilibuniwa New Zealand miaka ya 1970. Ardhi hukimbia huku na huko, jengo likisogea polepole. Katika tetemeko la Northridge hospitali moja ya chuo kikuu iliyowekwa juu ya vitegemeo vya aina hiyo iliendelea kuhudumia wagonjwa.

---

Msingi_Thabiti (mleta mada)

Fundi amemaliza upande wa ufundi, nami naongeza upande wa mpangilio. Jiji haliwezi kuimarisha kila kitu kwa pamoja, hivyo kazi ya kwanza ni kuwa na ramani ya udongo na orodha ya majengo. Los Angeles mwaka 2015 ilipitisha sheria inayowalazimu wenye majengo ya mbao yenye ghorofa ya chini dhaifu kuyaimarisha ndani ya miaka 7. Majengo yaliyoorodheshwa yalizidi 12,000. Majengo ya zamani ya zege yasiyo na ringi za kutosha yalipewa miaka 25, kwa kuwa kuyaimarisha ni ghali sana. Muda huo wa pili naona ni mrefu kupita kiasi, ingawa ninaelewa ugumu wa kumtaka mwenye jengo atoe fedha nyingi kwa jambo ambalo huenda asilishuhudie maishani mwake.

Kama ningeulizwa mimi jiji lianzie wapi, ningeziweka shule na hospitali mbele ya yote. Baada ya hapo ningeyatafuta majengo ya zege ya ghorofa nne hadi kumi na mbili, yaliyojengwa kabla ya kanuni mpya, yenye maduka au maegesho chini, na yaliyokaa juu ya udongo wa mto, ziwa au ardhi ya kufukia. Jengo lenye sifa zote hizo kwa pamoja halihitaji kusubiri utafiti mwingine. Linahitaji mhandisi wa kufukua zege kwenye nguzo chache za chini na kuzihesabu ringi zilizomo.